Mguu wa Ukuta

...na ukuta ukakataa tena, ukabaki umenyooka juu kama meza ilhali njia iliyo kando yake inapanda, kwa hiyo huku chini ukuta ulikuwa mrefu kama nyumba ya mtu na kule juu njia ilikuwa imeupita na kuning'inia hewani, lori likifika hapo litaanguka na shehena yake yote, na Doyo akaufuta kwa mara ya sita asubuhi hiyo, akapangusa vidole kwenye suruali ingawa havikuwa na kitu, ni mazoea tu, miaka kumi na mitatu ya kuchora ramani kwa mkono humfundisha mtu kupangusa wino hata mahali pasipo na wino, na mashine hii haina wino, ina kioo cheusi na mistari ya kijani na kile kidude cha waya ambacho injinia alipokiita panya siku ya kwanza ofisi nzima ilicheka, kompyuta iliyoletwa kutoka Nairobi ikiwa imefungwa kwa mablanketi kama mgonjwa, na sasa, mwaka huu wa themanini na nane, gereji ya malori ya mradi, orofa mbili, malori mengine chini na mengine juu ya dari, na kati yao rampu, hiyo njia ya mteremko yenye kuta mbili, haichorwi tena kwa rula na kalamu, inajengwa humu ndani ya kioo, ukuta kwa ukuta, kabla jiwe la kwanza halijalazwa... "Injinia," akasema bila kugeuka, "imekataa." Injinia Kagwiria akavuta kiti akaja kuketi nyuma ya bega lake. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Meru, angeweza kuwa kitinda mimba wa mama yake Doyo, lakini ndiye mkubwa wake wa kazi, na Doyo alimpenda kwa sababu hakuwahi kumcheka, mtu anaweza kumuuliza jambo moja mara kumi na akalijibu mara kumi kama ndiyo mara ya kwanza. "Hiyo amri umetumia inainua ukuta wote sawa, mzee," akasema, "haijui kuna mteremko. Ukitaka ukuta uende na rampu, lazima upe kila pembe urefu wake. Pembe nne, namba nne." Namba nne. Doyo akazipiga moja moja kwa kidole kimoja, chini ya ukuta huku, juu yake huku, nusu mita tu kwa sababu hapa ndipo lori linapoanza kupanda, kisha kule mwisho, chini yake, juu yake, mita tatu na nusu, na papo hapo ukuta ukainama ukafuata njia kama ngamia anayemfuata mwenye kamba, na kwa muda mfupi sana akafurahi, akafurahi kweli, kisha furaha ikamwishia, kwa maana ilikuwa kitu chepesi hivyo, ilikuwa kuuliza tu, nusu mita huku na tatu na nusu kule, ukuta ule ule lakini si ukuta ule ule, na mashine isiyo na akili wala roho ilikataa kuendelea mpaka iambiwe jambo ambalo yeye, Doyo, mwenye cheti, alikubali kuendelea bila kuambiwa.

"Safi," Kagwiria akasema. "Sasa iambie ifiche." Ndivyo alivyoiita amri ile, kuficha, kwa sababu kioo kilikuwa kimejaa mistari ya kila kitu, iliyo mbele na iliyo nyuma, ya juu ya ardhi na ya chini yake, na ukiiamuru, mashine inakaa inapima mstari mmoja mmoja na kuondoa yote ambayo jicho lisingeyaona, ili jengo lionekane kama jengo, nayo si kazi ya haraka, huchukua dakika saba, nane, hapo chini inahesabu, ishirini na tano, hamsini, sabini na tano, na hakuna kitu kingine unachoweza kufanya nayo mpaka imalize. Doyo akabonyeza. Ishirini na tano. "Wakati inafikiria, hebu nisaidie," Kagwiria akasema, na karatasi ikachakarisha nyuma ya sikio la Doyo, "nachagua mafundi wa mawe. Huko nje kwa benchi kuna mmoja anaitwa Kaburu. Anasema eti ndiye alijenga rampu ya zamani, hapo hapo, ile ilianguka ikaua mtu. Nimesoma hiyo faili, ramani yako ilikuwa sawa kabisa, msingi umechorwa vizuri mpaka unapendeza, fundi ndiye alipunguza mawe ya msingi. Sasa anarudi hapa na uso gani? Wewe ulikuwako, mzee. Nimwandike ama nimwambie aende nyumbani?"

Hamsini... na Doyo alijua yuko nje, alijua tangu saa mbili asubuhi, alimwona akiwa bado barabarani, ule mwendo wa kutanguliza bega la kulia, bega lililobeba mawe, akataka kuzunguka aingie kwa mlango wa stoo lakini mlango wa stoo ulikuwa umefungwa, akalazimika kupita mbele ya benchi, na Kaburu akainuka, akainuka kama mtu anayemwinukia mkubwa, mtu wa miaka hamsini na tano au zaidi, akasema "Habari ya asubuhi, Doyo," wala si mzee Doyo wala bwana Doyo, Doyo tu, kama zamani, na yeye akajibu "Mzuri" huku akitafuta ufunguo mfukoni kana kwamba mlango ulikuwa umefungwa, nao ulikuwa wazi, ulikuwa wazi kabisa, Kagwiria alikuwa ameshafika... sema kitu, anangoja, sema mashine imenipotezea mawazo, sema mwandike, sema simjui, lakini faili ina jina lako na lake katika ukurasa mmoja, Kaburu mjenzi, Doyo mchoraji, ramani sawa kabisa, mpaka inapendeza. Inapendeza kwa sababu ilichorwa polepole. Ilichorwa na mtu aliyejifungia ndani mchana kutwa na wembe mpya, maana wino ukishakauka kwenye karatasi ile ya kupenyeza mwanga haufutiki kwa raba, unakwanguliwa kwa ncha ya wembe, taratibu, bila kutoboa, halafu unasugua mahali pale kwa ukucha wa kidole gumba mpaka pang'ae, ndipo unachora upya juu yake, na mkono wake siku hiyo haukutetemeka hata kidogo, hilo ndilo humrudia kila mara, mkono haukutetemeka, Lochoro, yule aliyeuawa na ukuta, alikuwa hajamaliza siku mbili kaburini na mkono wa Doyo ukachora mistari mizuri kuliko yote iliyowahi kuchora.

Sabini na tano, mia moja... Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, na injinia wa kwanza, mzee mmoja mwenye kikohozi aliyekuwa akingoja uhamisho, alimtupia mezani karatasi aliyoichora kwa penseli, michoro mitatu ya ukuta ule mmoja, umekatwa kama mkate ili ndani yake paonekane, mmoja wa huku chini, mmoja wa katikati, mmoja wa kule juu, na katika kila mmoja mguu wa ukuta, ule msingi mpana uliozikwa ardhini unaouzuia ukuta usisukumwe na udongo, ulikuwa na upana wake, futi mbili, futi nne, futi sita, na Doyo akaitazama asielewe. Asielewe! Kwa nini ukuta mmoja uwe na miguu mitatu? Alidhani mzee alikuwa akijaribujaribu, akichora hivi halafu akibadili nia, na ule wa kwanza, wa futi mbili, ndio ulichorwa vizuri, kwa hiyo akauchukua huo akaupeleka ukuta mzima kuanzia chini hadi juu, mguu wa futi mbili kila mahali, na alikuwa na mdomo, ofisi ya mzee ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye meza yake, aliwahi kuzihesabu baadaye, hatua kumi na mbili, angebisha hodi aseme mzee, hapa sijaelewa, basi, na Lochoro leo angekuwa na mvi. Lakini yeye ndiye kijana wa mtaa wa Kiwanjani, hapa Isiolo, aliyekwenda Nairobi akarudi na cheti, ambaye wazee walimchinjia mbuzi, ambaye baba yake alikuwa akimtaja hata mnadani Oldonyiro, kwa watu waliokuja kuuza ng'ombe na hawakuuliza habari za mtoto wa mtu, "mwanangu anachora nyumba kabla hazijakuwa," na mtu kama huyo anabishaje hodi kwenda kusema sijaelewa? Akachora. Mzee akatia sahihi bila kuangalia, mizigo yake ilikuwa imeshafungwa. Na leo hii anamuuliza Kagwiria mambo arobaini kwa siku bila aibu, hii kitufe ni ya nini, hii namba inatoka wapi, amejifunza kuuliza akiwa na miaka arobaini, amejifunza kwa gharama ya mtu mwingine...

"Mzee?" Kagwiria akasema. "Ngoja kidogo," Doyo akajibu, "naangalia kama itakwama," na akaelekeza kidole kwenye zile namba, mia moja na sabini na tano, uongo mwepesi, jinsi unavyotoka wenyewe, na nje dirishani Kaburu alikuwa akiongea na mafundi wenzake waliokuwa wakingoja, sauti ile ile ya kukwaruza, "ukigonga jiwe na nyundo usikize, ile mzima inalia, ile iko na ufa inanyamaza, usijenge na yenye inanyamaza," na mtu akacheka, na Kaburu akacheka pia, anacheka, mtu huyu bado anacheka. Alimfundisha Doyo kusikiliza mawe hivyo hivyo, wakati wa kujenga, Doyo alipokuwa akienda pale saa za mchana na karatasi kwapani kujionyesha, na Kaburu alikuwa akimpa kikombe chake cha uji, akimwita ndugu yangu, na siku moja, ukuta ukiwa umefika usawa wa kifua upande wa juu, Kaburu alisimama akautazama kwa jicho moja, akasema, "Doyo, ndugu yangu, huku juu udongo itakuwa mingi sana. Hii mguu si ni ndogo?" Aliuliza. Yeye aliyesoma mpaka darasa la tatu aliuliza, akamuuliza mtu aliyepaswa kujua, na mtu huyo akafanya nini, akafungua karatasi, akaweka kidole juu ya ile futi mbili, akasema, "Fuata ramani, fundi." Fuata ramani, fundi. Maneno matatu, na Kaburu akatikisa kichwa akasema sawa, wewe ndio umesoma, akafuata ramani, akaifuata jiwe kwa jiwe, na katika maisha yake yote Doyo hajaona mtu akimtii mwenzake kwa uaminifu kama ule.

Mia mbili. Halafu mvua za mwezi wa nne, sabini na saba, mvua ambazo Isiolo haikuzizoea, siku nne mfululizo, udongo nyuma ya ukuta ukanywa maji ukavimba, na Lochoro, askari wa geti, Mturkana wa Ngaremara aliyekuwa akipiga mluzi akifungua geti ili magari yajue kwamba anakuja, alibeba kiti chake akaenda kukaa chini ya ukuta kwa sababu kibanda chake kilikuwa kikivuja, na saa tisa mchana ofisi nzima ikasikia kishindo, si kikubwa, kama lori linalomwaga kokoto, na mtu akasema ni lori linamwaga kokoto, hata Doyo aliendelea kuchora kwa dakika nzima kabla kelele hazijaanza. Walimtoa jioni. Mkewe Akuam alikuja amebeba mtoto mgongoni, hakulia, aliuliza tu viatu vyake viko wapi, viatu vya Lochoro, alitaka viatu, na hakuna aliyeweza kuvipata. Sasa gari la ofisi likipita Ngaremara, Akuam huwa ameketi kando ya barabara na magunia yake ya makaa, na Doyo hutazama upande wa pili, miaka kumi na mmoja anautazama upande wa pili, anaujua upande ule wa barabara kichaka kwa kichaka.

Na angeweza kusema siku ile, jioni ile ile, watu wangemwelewa, alikuwa kijana, alikosea, mzee alitia sahihi bila kuangalia, lawama ingegawanyika, lakini ikaja barua ya injinia wa kwanza kutoka huko alikohamishiwa, kwamba yeye aliagiza miguu mitatu, na wakubwa wakasema kesho kutwa watakuja kuitazama ramani, na Doyo akanunua wembe. Hata hapo bado kulikuwa na ile nakala ya Kaburu, ile ya rangi ya samawati aliyokuwa akiifuata kazini, yenye futi mbili kila mahali, na Kaburu mwenyewe akaileta, Yarabi, aliileta mwenyewe, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe, akaishika kwa mikono miwili akampa, "Hii karatasi ndio mdomo yangu, mimi sijui kuongea na hawa watu wa ofisi, wewe utawaonyesha nilifuata," na Doyo akaipokea, akasema sawa, na Kaburu alipotoka akaikunja mara nne, akaisukuma ndani ya jiko la makaa pale barazani ambapo mama wa chai alikuwa amebandika sufuria, ikashika moto upande mmoja, rangi ya samawati ikageuka kahawia, na chai ilipochemka mama akamletea kikombe chake kama kawaida, na akakinywa, akakimaliza, akasema asante mama... Kagwiria anageuza ukurasa, anaandika kitu, ana haraka lakini hana hasira... na kortini wakampa Msahafu, akaushika, na hakimu akamuuliza, hii ndiyo ramani uliyochora, akasema ndiyo, na kila aliposimulia neno hilo moyoni mwake alijiambia halikuwa uongo, aliichora kweli, zote mbili alizichora kweli, lakini la pili halina kichaka cha kujifichia, hakimu aliuliza, mshtakiwa anasema alikukabidhi karatasi nyingine, je, alikukabidhi, na Kaburu pale kizimbani akamtazama, hakumtazama kwa hasira, alimtazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu waendelee na safari, na Doyo akasema, "Sikumbuki." Miaka miwili. Walimpa miaka miwili, na mjini wakasema aliuza saruji, wakasema Wameru kama yeye wanapenda kuuza kila kitu, na Doyo aliwasikia wakisema hivyo hotelini mbele ya sahani yake ya nyama na akaendelea kula.

Kwa hiyo anajua. Hili ndilo ambalo Doyo amelizungukia miaka hii yote kama alivyotaka kuzungukia mlango wa stoo asubuhi, Kaburu anajua, duniani wako wawili wanaojua na mmoja ameketi hapo nje. Na alipotoka jela wakakutana sokoni uso kwa uso, hakuna pa kukimbilia, na Kaburu akampa mkono, akasema, "Nashukuru kwa maziwa. Watoto walikunywa," kwa sababu Abiba, mke wa Doyo, kila Ijumaa kwa miaka ile miwili alipeleka kibuyu cha maziwa kwa Gaceri, mke wa Kaburu, hakuna aliyemtuma, alisema tu yule mama ana watoto wadogo na bwana wake hayupo, na Gaceri kila mara alirudisha kibuyu kimeoshwa na salamu, ambia baba Dima asante, na baba Dima, Doyo, aliipokea asante hiyo mezani kila Ijumaa baada ya swala, na alifanya jambo baya zaidi ya kuipokea, alianza kuitegemea, alianza kujiambia kwamba maziwa yale ni yake, ni yeye anayeyatoa, kidogo kidogo yanalipa, na Mungu anaona kibuyu... Abiba akijua. Abiba aliyekwenda pale kwa miguu na mimba ya miezi saba. Akijua alikuwa akibeba nini.

Mia tatu na hamsini. "Basi mwandike," na ilikuwa sauti yake mwenyewe, Doyo aliisikia ikitoka kabla hajaamua, "mwandike tu, ni fundi mzuri, watu hukosea," na papo hapo kifua kikalegea, ndiyo, hivyo, ametenda jambo jema, amemrudishia mtu kazi, na kazi yenyewe ni ya mwaka mzima au zaidi, na labda hii ndiyo njia aliyoiandaa Mungu, polepole, bila kelele, bila mtu kuaibika, Kaburu atajenga ukuta mwingine mahali pale pale, na mara hii ramani itakuwa sawa, pembe nne, namba nne, mguu mpana, na utasimama, na ukishasimama nani atauliza habari za ule wa kwanza... "Una roho nzuri, mzee," Kagwiria akasema, na kalamu yake ikaandika. "Lakini sitamwacha peke yake. Nitaweka mtu wa kusimama juu yake kila siku, apime kila mstari wa mawe na kuhesabu kila mfuko wa saruji. Na nitawaambia hao wengine ni kwa nini, ili wajue. Mtu ameshaua mara moja, huwezi kumwamini na ukuta." Na akaendelea kusema jambo jingine, kuhusu kokoto, kuhusu siku ya kuanza, lakini Doyo hakulisikia, alikuwa akiiona, aliiona wazi kuliko alivyowahi kuona jengo lolote kabla halijakuwa, Kaburu akiwa na mvi zake ameinama juu ya jiwe, akiligonga, akisikiliza, na nyuma yake kijana mwenye futi ya chuma akimwambia ondoka nipime, na vibarua wakitazamana, na Kaburu akiondoka kando apimwe, kila siku, mwaka mzima, na kwenye dirisha hili hili Doyo ameketi akimtazama, na saa nne chai inakuja, na yeye anakunywa. Kibuyu kingine. Ni kibuyu kingine tena cha maziwa, na safari hii ni yeye mwenyewe anayekibeba kwa kujua.

Na kwa nini amekuja? Mafundi hawana uhaba wa kazi siku hizi, mjini wanajenga kila mahali, anajua ofisi hii ni ya nani, anajua nani anaketi kwenye dirisha hili, aliamka leo akavaa shati lile safi akaja kuketi hapa penye jina lake baya, na hakuja kuomba kazi kwa Doyo, alimsalimia tu, Habari ya asubuhi, Doyo, na kungoja, kama pale kizimbani, yule yule anayengoja mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu. Miaka kumi na mmoja na bado hajaondoka pale. Basi na iwe nini? Kazi itakwenda, hilo halina shaka, na huenda na yeye akafungwa, aliapa kwa Msahafu, na Dima yuko kidato cha tatu, na wale wazee waliomchinjia mbuzi, wale walio hai, watakaa kimya akipita, na Abiba... hajui Abiba atafanya nini, ameishi naye miaka kumi na sita na hajui, lakini anajua kwamba hata leo Abiba anapomsifia kwa wageni, kwamba bwana wangu hakuwaacha watu wa Kaburu, yeye hutoka nje kwenda kuangalia mbuzi ambao hawahitaji kuangaliwa. Ameogopa aibu mpaka amechoka. Alijaribu kuigeuza hofu ile upande huu na upande huu, akitafuta mahali pake pakali, pale palipokuwa pakimkata kila siku, na hakupapata, zilikuwapo dalili zake tu, jasho, kinywa kikavu, kama nyumba ambayo mwenyewe amehama akaacha vyombo.

"Injinia," akasema, "Kaburu alijenga kama nilivyochora." Alilisema kwa sauti ndogo, akikitazama kioo, na upande wa pili wa ukuta jenereta ilikuwa ikinguruma, na Kagwiria bado alikuwa ameinamia orodha yake. "Umesema?" akauliza. "Sijakusikia, mzee." Na hapo ndipo palipokuwa na mlango, Doyo aliuona, umeachwa wazi kwa hisani, angeweza kusema nilisema mashine iko karibu kumaliza, naye angeitikia, na asubuhi ingeendelea kama asubuhi, namba zilikuwa zimefika mia tano na bado zilikuwa zikipanda, Kaburu huko nje alikuwa amenyamaza, hakuna kilichobadilika chumbani, karatasi, kalamu, kiti kilichovutwa. Akageuka. Akakiacha kile kioo na mistari yake, akakigeuza kiti kizima mpaka magoti yake yakaelekeana na yake Kagwiria, na msichana yule alipomwona uso akaiweka kalamu chini. "Nitasema tena," Doyo akasema, "na nitasema yote, kuanzia mwanzo, na wewe utaandika na mimi nitatia sahihi. Lakini si hivi, yeye akiwa nje. Nilishamsemea mara moja akiwa amefungwa mdomo." Sauti yake ilikuwa sawa, akaishangaa. "Mwite Kaburu aingie, mpe kiti. Nataka anisikie nikikumbuka."